Tikiti Mbili za Kwenda kwa Wawira

Wale mnaokuja ofisini kwangu Ruiru kukata tikiti mmeniuliza swali moja tangu nirudi, na wengine mnaliuliza mkiwa mmeshaanza kucheka. Nimeona afadhali niandike mara moja, kwa mpangilio, ili anayetaka kucheka acheke akiwa na habari kamili.

Kwanza niwakumbushe mnaongea na nani. Nilikwenda Doha na begi moja nikakaa miaka tisa. Nilianza chini ya ndege, nikipakia mizigo ya watu, na siku ya kurudi nilikuwa ndani yake, kiti cha dirishani. Nina diploma ya usafiri na utalii, niliyoisomea jioni baada ya kazi, na nina nyumba ya mawe Murera ambayo haikuitishiwa harambee. Kutafuta ndege ya bei nafuu ni kazi yangu, na pia ni kipaji. Mtu wa kawaida akitazama bei ya tikiti anaona bei. Mimi naona Jumatano asubuhi, ndege mbili badala ya moja, saa sita za kusubiri katikati, na begi la mkononi peke yake.

Kiganjo: mwaliko

Mama yangu, Nyambura, anakaa Kiganjo, Thika. Mimi ni mwanawe wa pili na nilipewa jina la babake, kwa hiyo huniita Baba. Anaponituma dukani huniita Baba, na anaponigombeza huniita Baba pia.

Mama ana rafiki mmoja wa kweli, anaitwa Wawira. Walifanya kazi pamoja katika kiwanda cha nguo na wakapanga ploti moja miaka mingi, mlango kwa mlango. Binti wa Wawira, Mukami, alibatizwa akiwa mikononi mwa Mama. Baadaye, nikiwa Doha, Wawira na mumewe walihama Thika. Kisha mume akafariki, na wakamzika siku ileile niliyokuwa natua Nairobi na mizigo yangu. Mama alichagua kuja uwanja wa ndege. Wawira hakumlaumu. Alinyamaza tu, karibu miaka miwili, na ukimya huo ndio uliomkondesha Mama.

Mwezi uliopita simu ikalia, na ni Wawira. Mahari ya Mukami ingepokelewa Jumamosi ile iliyofuata. Mama alitakiwa awepo, na aje na kibuyu. Kibuyu hicho ni cha Wawira. Ndicho kilichobeba uji siku yake mwenyewe ya mahari, na Mama alikiazima tulipopokea mahari ya dada yangu, kikabaki kwetu. Kwa desturi, binti ndiye anayeonja uji kwanza mbele ya wageni, kuonyesha amekubali. Wawira alitaka Mukami aonje kutoka kibuyu kile. Kisha akasema maneno ambayo Mama alinirudia mara tatu siku hiyo: "Ukikosa na hii, Nyambura, kibuyu kibaki kwako."

Nikamuuliza Wawira anakaa wapi siku hizi.

"Kigari," Mama akasema.

Hapa lazima nieleze jambo. Watu wetu wana shida ya r na l, sote tunajua. Mama yangu anaponda viazi na kunde vizuri kuliko mtu yeyote Thika, lakini akichoka anasema anaenda kurara. Mimi shida hiyo niliimaliza. Katika mtihani wangu wa kuzungumza, mwalimu aliniambia hajui natoka mkoa gani. Tangu hapo sikio langu linarekebisha lenyewe, hata bila kuniuliza.

"Kigali," nikamwambia.

"Ee, Kigari," akakubali.

Mtasema jina la Wawira ni la Embu. Najua ni la Embu. Lakini marehemu mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na watu kama hao hujenga popote.

Kwa kuwa mazishi yale aliyakosa kwa ajili yangu, niliamua kulipa kwa heshima. Jioni ile nikakaa na simu yangu, na kabla chai haijapoa nilikuwa nimepata ofa ambayo nyinyi wateja wangu hamtaiona tena: ndege kwenda na kurudi, hoteli, kiamsha kinywa, na kuzungushwa mjini. Kuondoka Jumatano, kurudi Jumapili. Kitambulisho kinatosha. Nikamwambia Mama atakwenda kwa Wawira kwa ndege.

Akaweka kikombe chini. "Ndege inatua Kigari?"

"Kila siku."

"Karibu na chuo cha walimu?"

Nikamwambia inatua mjini kabisa. Akaenda kumwambia jirani yake, Mama Akinyi.

Nairobi: kibuyu

Tikiti ya bei nafuu haikubali begi zaidi ya moja dogo, na pale kwenye foleni wana kisanduku cha chuma cha kupimia. Begi lisiloingia linalipiwa, na hapo ndipo wasafiri wasio na elimu wanapoliwa. Mimi nilikuwa nimevaa mashati matatu na koti. Mama alikuwa na begi lake, na kibuyu.

Kibuyu kina shingo ndefu. Kiliingia kwenye kisanduku hadi mabegani, shingo ikabaki nje. Binti wa shirika la ndege akatikisa kichwa. Nikamvuta Mama kando na kumweleza kanuni: kitu kilicho begini hupimwa, kitu kilicho mwilini hakipimwi. Mama hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alitoa leso, akainama, akakibeba kibuyu mgongoni na kukifunga kama alivyotufunga sisi wote wanne. Tuliporudi kwenye foleni binti yule alitazama umbo lile dogo la duara chini ya leso, akatabasamu na kutupisha. Hatukusema neno la uongo.

Ndani ya ndege Mama aliketi wima safari nzima, kibuyu mapajani. Alikataa maji kwa sababu niliwahi kumwambia kuwa kwenye ndege za bei nafuu kila kitu huuzwa. Yalikuwa ya bure. Nikanywa ya kwangu na ya kwake.

Entebbe: saa sita ambazo zilikuwa nane

Tulipotua Mama alisoma neno Uganda ukutani, herufi moja moja.

"Baba, kwenda Kigari tunapitia Uganda?"

Nikamweleza jinsi bei zinavyofanya kazi. Njia iliyonyooka ni ya watu wenye haraka na pesa. Anayetaka ofa lazima akubali kurudi nyuma ndipo aende mbele. Niliwahi kusafirisha mtu wa Juja kwenda Mombasa kupitia Kisumu, na hadi leo ananishukuru. Mama alinisikiliza kama anavyomsikiliza daktari. "Wewe ndiye uliyesoma," akasema.

Saa sita zikawa nane kwa sababu ndege yetu ilichelewa na hakuna aliyesema kwa nini. Nilikuwa nimebeba chapati sita na mayai ya kuchemsha, kwa sababu chakula cha uwanja wa ndege ni mtego, na nikafungua vifurushi vyangu palepale kwenye viti. Mwanamke mmoja wa Kampala aliyekuwa karibu alikubali yai. Alikuwa anakwenda kumwona mwanawe. Akatazama mgongo wa Mama, ambako kibuyu kilikuwa kimerudi kwa sababu viti havikufaa kukilaza, akauliza kwa sauti ya chini mtoto ana umri gani.

"Thelathini na kitu," Mama akajibu.

Mwanamke yule alimaliza yai lake bila kuuliza jambo lingine.

Kigali: mlima

Kwenye dirisha la uhamiaji afisa alimkaribisha Mama nchini Rwanda. Mama akanigeukia. "Rwanda nayo tunapitia?" Nikamwambia hapa ndipo tunaposhukia. Akakaza leso, kama mtu aliyeamua safari iishe kwanza ndipo aulize.

Huenda angeuliza usiku ule, lakini dereva wa hoteli alituponza. Alifungua mlango wa gari, akachukua begi la Mama, na kwa adabu kubwa akasema, "Karibuni Kigari." Kumbe hata wao r na l zao hazijaachana. Mama alinitazama kwa ushindi. Nami nilimhurumia dereva yule, kwamba hata jina la mji wake hakuliweza.

Mji ni msafi, sitasema uongo. Magari yanapita upande wa kulia wa barabara na Mama alishika mlango kila kona. Jioni tulikula mishkaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, chakula cha heshima. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Sikuibadilisha saa yangu, kwa sababu msafiri mzoefu hukaa na saa ya nyumbani. Kabla ya kulala Mama alisimama dirishani akatazama vilima vyenye taa.

"Mlima hauonekani," akasema.

Nikamwambia ni ukungu.

Asubuhi ya Alhamisi hapakuwa na ukungu. Nilimkuta dirishani tena, amevaa, leso begani. Akasema amehesabu vilima vyote na hakuna hata kimoja chenye theluji. Akaniomba nimpigie Wawira atueleze njia kutoka chuoni. Nikapiga kwa mtandao wa hoteli, maana ulikuwa ndani ya ofa.

Nilijitambulisha kikamilifu, nikamwambia tumefika jana salama na tuko mjini, hotelini.

"Embu mjini?" Wawira akauliza.

"Kigali mjini."

Nikaitazama simu, nikidhani imekatika.

"Kigari ni hapa kwangu," Wawira akasema. "Hapa nje ya Embu. Ni shamba la majani chai na chuo cha walimu. Mji haupo. Wewe uko wapi?"

Nikataja nchi.

"Mpe mamako simu," akasema.

Sijui aliambiwa nini. Mama alisikiliza amesimama, akajibu "ee" mara mbili, akanirudishia simu. Akakaa kitandani, akaweka kibuyu kando yake.

"Baba," akasema, "mimi nilisema Kigari. Maisha yangu yote nimekosea, mkanicheka, nikanyamaza. Siku hiyo nilikuwa nimepatia."

Diploma haikuwa na somo hilo. Nikamuuliza Wawira amesema nini.

"Amesema kibuyu kibaki kwangu."

Kigali hadi Kampala: basi

Tikiti ya ofa haibadilishwi. Hilo huwaambia wateja wote, na wakilia nawaambia walisoma masharti. Ndege yetu ilikuwa ya Jumapili na mahari ilikuwa ya Jumamosi. Tikiti mpya ya siku hiyo ilikuwa na bei ambayo mtu kama mimi hawezi kuilipa na bado akajiheshimu. Lakini nilifanya hesabu ya saa, na mimi katika saa sishindwi: basi la Alhamisi mchana hadi Kampala, basi la Ijumaa hadi Nairobi, Jumamosi alfajiri tuko nyumbani. Nikamwambia Mama tutafika. Akauliza kama niko na uhakika kama ule wa ndege. Nikasema zaidi.

Kiamsha kinywa tulikuwa tumekilipia siku nne, kwa hiyo tulikula cha siku mbili na kufunga cha siku mbili. Meneja aliona mayai yakiingia kwenye koti langu na akageuka kuangalia maua. Pia nilimwomba dereva wa hoteli, kwa kuwa kuzungushwa mjini kulikuwa ndani ya ofa, atuzungushe kwa kwenda stendi. Akapitia njia ndefu kidogo na kutuonyesha majengo mawili. Hiyo ilitosha kuhesabika.

Stendi tulifika saa moja kabla, kwa sababu ya saa yangu ya nyumbani. Mama alisema angalau mara moja ujuzi wangu umetuwahisha.

Kwenye basi aliketi karibu na mzee mmoja mfanyabiashara wa maharagwe, na hadi mpakani wakawa wanalinganisha njahi zetu nyeusi na maharagwe ya huko. Alimweleza kila kitu kuhusu Wawira: kiwanda, ploti, mazishi. Nilikuwa nyuma yao na nilisikia jambo ambalo sikulijua. Siku ile niliyorudi kutoka Doha, Mama alikuwa amevaa nguo za mazishi chini ya koti. Alitaka kunipokea kisha aende Kigari jioni. Mimi ndiye niliyesema twende kwanza tukaione ploti niliyonunua Murera.

Naikumbuka jioni hiyo. Niliwaonyesha mipaka yote minne.

Busia: swali la afisa

Kampala tulifika Ijumaa alfajiri. Basi la Nairobi lilipaswa kutoka saa mbili asubuhi, likatoka saa tano, kwa sababu tairi moja ilikuwa inatazamwa na watu sita. Tulikula chapati iliyokunjiwa mayai, na nikampigia Wawira mara nne. Hakupokea. Mama aliniambia niache. "Ukimpigia anakusikia wewe," akasema. "Acha anione."

Mpakani Busia kila mtu alishushwa na mizigo. Foleni ilikuwa ndefu na afisa wa forodha, mwanamke mwenye miwani, alikuwa hana haraka. Alipomfikia Mama akaomba afungue leso. Akachukua kibuyu, akakitikisa, akachungulia ndani, akanusa.

"Kitupu?"

"Kitupu."

"Mama, umevuka mipaka miwili na kibuyu kitupu?"

"Nakirudisha kwa mwenyewe."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Embu."

"Na umekitoa wapi?"

"Thika," Mama akasema.

Afisa akavua miwani, akanitazama mimi. Nafikiri alikuwa anatafuta kosa la kisheria na hakulipata. Nilianza kumweleza kuhusu ofa, akaniinulia mkono. Akamfungia Mama leso yeye mwenyewe, vizuri, na akatutoa kwenye foleni akatupitisha mbele.

Murera na Kiganjo: nyumbani kwa dakika kumi

Tulishuka Nairobi Jumamosi kumekucha. Saa moja iliyokuwa imeongezwa tukienda ilikuwa imekatwa tukirudi. Tulichukua teksi hadi Murera, na pale langoni kwangu gari langu lilikuwa limeegeshwa tangu Jumanne, na nusu tangi ya mafuta. Nusu tangi inatosha kwenda Kigari na kurudi. Mama alilizunguka gari mara moja, akaigusa boneti, akaingia bila kusema kitu. Ningependelea aseme.

Tulipitia Kiganjo abadilishe nguo. Mama Akinyi alikuwa nje anafua.

"Nyambura, mmerudi Kigari mapema," akasema.

"Hatujafika," Mama akajibu, akaingia ndani.

Mama Akinyi akakamua shati polepole. Yeye ni mtu wa Siaya, si wa huku kwetu, na aliniuliza kwa upole tu, kama mtu anayetaka kujifunza: si Kigari ni hapo Embu, mbele kidogo, mahali ambapo mtu akitoka baada ya chai anafika kabla ya chakula cha mchana? Nikamwambia inategemea njia.

Kigari: langoni

Mlima ulianza kuonekana tulipopita mashamba ya mpunga ya Mwea, mweupe kichwani, hauna ukungu wowote. Mama aliutazama hadi Embu. Tulipita mjini, tukapanda kwenye majani chai, na kwenye lango la chuo cha walimu tukaulizia kwa Wawira, tukaelekezwa kushoto.

Ilikuwa saa sita kasoro. Magari ya upande wa bwana arusi yalikuwa yamejaa nje, na wageni bado wamesimama langoni. Nilidhani ni ile desturi ya wanawake kuwazuia kwa nyimbo. Lakini nyimbo zilikuwa zimekwisha. Mzee mmoja wa bwana arusi alininong'oneza kuwa wamesimama saa nzima, uji uko tayari kwenye ndoo, na mama wa binti amekataa lango lifunguliwe. Hasemi anangoja nini.

Mama alishuka. Alipita kati ya wageni wote na kibuyu mgongoni, vumbi la nchi tatu kwenye viatu ambavyo alisahau kubadilisha. Wawira alikuwa upande wa pili wa lango, ndani ya kitenge kipya, mwembamba kuliko nilivyomkumbuka. Alimtazama Mama hadi kwenye viatu. Hakufungua.

"Nyambura. Unatoka wapi?"

Mama alifungua leso, akashika kibuyu kwa mikono miwili.

"Kigali," akasema.

Alisema kwa l. L safi, ya mtihani, ulimi juu. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuisikia kinywani mwake, na sikuwa na la kurekebisha.

Wawira aliuma midomo. Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda sikujua ni kilio au ni kicheko, na nafikiri hata yeye hakujua. Alifungua lango kwa mkono mmoja na kwa mwingine akachukua kibuyu, akanusa ndani kama yule afisa.

"Ingia, basi," akasema. "Watu wana kiu. Na huyo mwenye diploma akachote maji, kisima kiko huko chini. Muonyesheni njia."

Nilichota. Mukami alionja uji kutoka kwenye kibuyu cha mamake, Mama akiwa amesimama kulia kwake, na wageni wakapiga makofi.

Kwa wanaouliza kama ofa ilikuwa nzuri, jibu ni kwamba ilikuwa nzuri, na masharti yalikuwa wazi. Tulialikwa tulale, tukalala. Jumapili mchana, kwa saa ya nyumbani, ndege iliruka kutoka Kigali ikiwa na viti viwili vitupu, kimoja cha dirishani. Mimi nilikuwa Kigari, jikoni, nikichambua njahi kwenye ungo, na wanawake wawili walikuwa nyuma yangu wakinifundisha kutamka.